Mashine Iliyopiga Chafya

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 1971

Mashine ya ofisi ya kanisa imekwama. Nilifika kufagia nikampata mjukuu wangu Chemutai ameishika mkono wake wa kuzungushia, analia bila sauti. Ni ile saiklostaili. Unataipu kwa karatasi ya nta, unaivisha rola, unazungusha, nakala zinatoka. Hiyo ilikuwa zamani. Sasa inameza karatasi na kulia kama mtoto mchanga, ikitoa moja ni bahati.

Mambo ni mabaya. Chemutai yuko hapa kwa majaribio. Mchungaji Lazarus amesema karatasi za ibada ya mavuno zisipokuwa tayari Jumapili, kiti chake atakikalia Nyamwange, binti wa jirani yangu Bilhah, aliyesomea taipu huko Kisii. Bilhah amekwisha kumshonea sketi ya ofisi. Nimeiona kwa kamba. Fupi.

Na kuna jambo lingine. Kazi ya mwisho mashine ilifanya vizuri ni tangazo la kifo cha mzee Kipkosgei. Tangu hapo, ukiipa nyimbo, chini ya nyimbo kuna wino hafifu: Kipkosgei. Ukiipa ratiba: Kipkosgei. Chemutai anasema ni wino wa zamani umeganda kwa rola. Nikamwambia, mama, mimi nilimjua Kipkosgei. Hata harusini alikuwa wa mwisho kutoka.

Jumatano, tarehe 4 Agosti

Mpango. Chemutai alipoenda kunywa chai niliingia na mafuta ya ng'ombe kwa kikombe. Kitu kikilia, kipake mafuta. Hata mlango unajua hivyo. Nikapaka kila mahali penye tundu.

Bilhah akachungulia dirishani akauliza ninakaanga nini. Nikamjibu ni ulimi wake.

Nikazungusha mkono. Mashine ikameza karatasi zote nilizoipa. Kimya. Halafu ikatema moja, imelowa mafuta, wimbo wote umefutika isipokuwa lile jina. Sasa ni jeusi tititi.

Nilikuwa nimefunga mlango. Lakini ukungu wa kule kwa majani chai ulikuwa ndani, umefika magotini. Na harufu ya tumbaku. Mchungaji havuti. Chemutai havuti. Kipkosgei alikuwa anavuta hata akiwa mgonjwa.

Chemutai alipangusa mashine mchana kutwa. Hakuniuliza ni nani. Alinitazama tu. Nikamwambia panya wa mwaka huu wamezidi.

Alhamisi, tarehe 5 Agosti

Jibu nimelipata nikikama ng'ombe. Nimekuwa mjinga!

Sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wamama huita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya lingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilopigia chafya ndilo lake. Huyo mzee amerudi, na mtoto ananyamaza. Sasa hii mashine waliinunua Kericho, wakaibeba, wakaiweka kwa meza. Nani aliiita jina? Hakuna. Ndiyo sababu inalia, na wafu wanapita humo kama mlango usio na komeo.

Chemutai alikuwa ametumwa mjini kuleta wino. Nikahitaji mtu wa kuzungusha mkono. Aliyekuwa karibu ni Bilhah. Alikubali haraka, maana alitaka kuniona nikiaibika.

Nikaweka ugoro kidogo kwa mdomo wa rola, kusaidia chafya. Nikaita Kipkosgei. Hakuna kitu. Nikaita mama mkwe wangu. Hakuna, na nashukuru, yule hangetulia ofisini. Nikaita marehemu mume wangu Kipngetich. Hakuna. Saa hizo hakuwahi kuwa ameamka.

Bilhah akachoka. Akasema, "Hawa wote wamekataa. Haya, ita Tecla tuone."

Tecla ni mimi.

Mashine ikapiga chafya. Sio mlio. Chafya, na ugoro ukaturudia usoni. Mkono ukazunguka, na Bilhah alikuwa ameuachilia. Karatasi ikatoka polepole. Ni lile tangazo la kifo. Karatasi yake ya nta Chemutai aliichoma wiki iliyopita, moshi niliuona mimi mwenyewe. Maneno yote yapo, safi: tunasikitika kuwatangazia kifo cha. Halafu nafasi nyeupe. Kipkosgei hayupo tena.

Bilhah hakucheka. Akaniuliza, "Mama, hao mnaowaita, ni wafu peke yao?"

Nikamwambia ndiyo.

Akanishika mkono akanitoa nje kama mtoto. Mkono ulikuwa baridi sana. Sijui ni wake au ni wangu.

Jumamosi, tarehe 7 Agosti

Mashine inafanya kazi kama trekta mpya. Karatasi zote za mavuno zimetoka, hazina doa. Chemutai anaimba. Nami nafurahi, lakini sikulala vizuri.

Mpango mwingine. Kama inalishika jina langu, nitalikimbia jina. Nilienda kwa Mchungaji nikamwomba anibatize upya niwe Yunia. Akauliza Tecla lina shida gani. Nikamwambia limechukuliwa. Akasema ubatizo ni mmoja, niende nikapumzike.

Basi nimejibatiza mwenyewe kwa maji ya birika. Nimewaambia majirani wote. Mzee Atuti amenisalimu barabarani, "Habari Yunia." Nikampita. Nilisahau ni mimi. Sasa anasema nina maringo.

Bilhah naye ameniita Yunia, tena kwa upole. Hapo ndipo niliogopa kabisa.

Jumapili, tarehe 8 Agosti

Kanisa lilijaa hadi nje. Karatasi zikagawiwa. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri, kisha ukapungua, sauti moja moja zikinyamaza, mpaka nikasikia karatasi tu. Watu walikuwa wanatazama chini ya ukurasa. Nami nikatazama. Wino hafifu. Kila karatasi, kila mkono: Tecla.

Jana halikuwepo. Nilizikunja mimi.

Mchungaji akamwita Chemutai mbele ya watu wote. Akamuuliza jina la mfagiaji linatafuta nini kwa karatasi ya Mungu. Nyamwange akaketi wima. Nikaona kazi inaondoka hivi hivi.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Niliingia nikaandika. Nilitaka watu wajue hii sakafu inafagiwa na nani."

Kanisa lote likacheka. Uongo mtupu, tena mbele ya madhabahu. Mungu ataniuliza nami nitamjibu. Mchungaji akanifukuza kazi hapo hapo, akasema nisikanyage ofisi tena. Chemutai akaachiwa kiti chake, na majaribio yamekwisha. Ameajiriwa!

Bilhah peke yake hakucheka. Alikuwa ameigeuza karatasi yake ikatazama chini.

Jumatatu, tarehe 9 Agosti

Bilhah amekuja na ndizi za kupika. Binti yake amekosa kazi, bado amekuja. Amenionya: nikiitwa na mtu nisiyemwona, nisiitike. Nifunge mlango, nikae ndani, Chemutai ana akili zake, mashine niwaachie wenyewe. Nimemwahidi. Tena nimeapa. Ameondoka ameridhika.

Ukungu umekuja hadi kizingitini. Siuoni mti wa pili. Na huko upande wa kanisa naisikia, ule mlio wa mkono ukizungushwa, unapanda, unakatika, unapanda. Ndani ya mlio kuna jina. Si Yunia.

Imekwama tena. Na mjukuu wangu yuko nayo peke yake, siku yake ya kwanza ya kazi ya kweli.

Nimepata chupa ya mafuta ya taa na unyoya wa kuku wa kuisafishia rola. Mlango nimeufungua.

Imeita tena. Nimeitika. Mara mbili, isije ikasema sina adabu.