Matuta Ndani ya Tangi la Anyango

Jumatatu, 3 Julai 1995

Anyango kaenda likizo kwao Shirati. Wiki mbili! Kiti cha mapokezi kitupu, sweta yake imebaki mgongoni mwa kiti. Nimeipangusa vumbi mara tatu. Haina vumbi.

Tangi lake la samaki kaniachia mimi. Si mpishi, si mlinzi. Mimi Maige, mfagiaji wa gesti. Ni tangi la kioo, alipewa na mgeni mzungu wa mambo ya samaki. Ndani mna furu wawili, visamaki vya ziwani, na mimea ya majini. Mimea ni migonjwa, majani ya njano, yana matundu. Kasema nikiiponya atajua mimi ni mtu wa kuachiwa kitu. Shule niliishia darasa la sita, lakini hesabu hii naiweza: leo majani, kesho moyo.

Jumatano, 5 Julai

Ugonjwa nimeugundua. Njaa! Mimea imefungwa kwa uzi juu ya mawe, mizizi inaning'inia kama miguu ya mtoto kitini. Anyango ni mtu wa kwenye uvuvi, simlaumu. Mimi nimezaliwa Magu, Msukuma hafundishwi jembe. Nimekata nyuzi zote. Nimepiga matuta matatu ya mchanga, mazuri, kama ya viazi. Nimefukia kila mmea mpaka shingoni, nikaongeza kopo zima la samadi.

Maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Nimemwona kabisa Anyango anaingia mlangoni, kashika mdomo kwa furaha. Kumbe ni mwenye duka anadai chupa zake. Zimebaki siku kumi na moja.

Ijumaa, 7 Julai. Sabasaba

Mji mzima unasherehekea, mimi nanusa. Mama Kashindye, mwenye gesti, kauliza nani kafia mapokezi. Nikasingizia upepo wa ziwani. Furu wanahema juu juu, nimewahamishia kwenye beseni.

Akaja Venant, fundi redio wa ng'ambo ya barabara. Ana cheti cha kidato cha nne na kalamu mbili mfukoni, redio moja anaitengeneza mwezi. Kaniambia, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba alimsikia mzungu mwenyewe: mzizi ule mnene wa mimea hii haufukiwi, ukifukiwa unaoza. Njano ile ni ya kukosa mwanga tu, tangi lisogezwe dirishani. Nikamuuliza kwao Bukoba wanalima nini. Migomba. Nikamuuliza migomba inapandwa juu ya mawe? Akarudi kwenye redio yake. Nimeshinda.

Tangi nimelisogeza dirishani. Si kwa ajili ya Venant. Ni kwa ajili ya harufu.

Jumatatu, 10 Julai

Imeoza miwili. Ukibonyeza mzizi, unabonyea kama ndizi iliyosahaulika. Bila shaka matuta yalikuwa mafupi, nimeyaongeza kimo. Maji nimebadilisha, ndoo sita kutoka ziwani, kichwani, wasichana wa bombani wakanicheka. Wacheke.

Furu nimewarudisha. Hawana shukrani! Saa nne walishalifukua tuta la kati. Nikalijenga. Wakalifukua. Mmea mmoja wameung'oa kabisa, umeenda kukwama nyuma, katikati ya mawe mawili. Nimeuacha. Mmea wenyewe mtoro.

Alhamisi, 13 Julai

Nimekwenda stendi kulitazama basi la Musoma. Najua leo si siku ya Anyango kurudi nalo. Nilitaka tu kujua linafika saa ngapi. Saa tisa na robo. Wakashuka watu na kuku, nikamtazama kila mmoja, hata kuku.

Mimea ya kwenye matuta imekwisha yote. Nimeng'oa majani ya mferejini, nimeyachomeka kwenye matuta. Ukisimama mlangoni huyajui.

Jumapili, 16 Julai

Kaja. Kasuka upya. Hakusimama mlangoni. Majani ya mferejini yalikuwa yamelala chali, akayapita. Akaingiza mkono nyuma ya mawe, akautoa ule mmea mtoro. Umelishika jiwe kwa mizizi mipya, na una jani jipya, kijani, dogo kama ukucha.

"Huu uliuweka wewe hapa?"

Nikasema ndiyo. Venant alikuwa mlangoni na antena yake. Akaangalia barabarani, akainyoosha antena. Sijui anataka nini yule.

Anyango akacheka, kile kicheko chake. Halafu akaeleza kwamba kapata kazi ya ukarani kwao, harudi tena hapa. Kaja kuaga na kuchukua sweta. Nikasema hongera, dada. Nikaipangusa sweta vumbi, nikampa. Akanipa ule mmea, pamoja na jiwe lake.

"Utunze, Maige. Krismasi nitapita niuone."

Kiti sasa hakina hata sweta.

Mmea nimeupeleka chumbani kwangu, uko kwenye ndoo. Nimekaa nao muda mrefu. Umeteseka, maskini, siku zote hizo umekumbatia jiwe tupu, bila chakula. Krismasi ni mbali, sitaki uteseke tena. Nimeubandua kwenye jiwe taratibu, mzizi mmoja mmoja. Nimepiga tuta moja kubwa, nikaufukia mpaka shingoni. Samadi makopo mawili.