Watoa Huduma Wanne na Posa ya Modesta

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo nimepata dawa ya Deogratias! Wote wawili tunamtaka Mwalimu Modesta wa Kilakala, na mwenye neno la mwisho ni mjomba wake, Mzee Severin wa Bigwa. Sisi Waluguru mjomba ndiye mjomba. Deo anambebea mzee matenga ya karoti kutoka mlimani. Mabega anayo. Mimi nina kigugumizi, na kompyuta! Nimeweka msaidizi wa akili mnemba, yule wa skrini nyeusi: unaandika amri, anatii. Atajibu meseji zote za Modesta na za mjomba kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi nitalala.

Jumanne, 10 Juni
Kumbe msaidizi mwenyewe hana akili! Anaiazima kwa watoa huduma, wenye hizo akili mnemba zenyewe, tena unamchagulia wewe. Nimempa watatu, mmoja akigoma anashika mwingine. Wa kwanza kagoma. Eti ufunguo wa siri, lile lundo la herufi na tarakimu, haujabandikwa. Nimebandika! Kwenye grupu la kwaya. Deo kaandika "Amina". Kwaya nzima ikafuata.

Jumatano, 11 Juni
Ufunguo nimeufuta. Wa pili kakubali, ila kamjibu Modesta: "Salamu zako zimepokelewa na zinafanyiwa kazi." Modesta akauliza kama naumwa. Nikaandika agizo jipya: jibu kama mzee wa Kiluguru mwenye hekima. Modesta kasema siku hizi nimetulia. Deo kwisha habari yake!

Ijumaa, 13 Juni
Aibu gani hii! Nikiwa bafuni bando likaisha. Akashika wa tatu, kamodeli kadogo kanakokaa humu humu kwenye kompyuta bila intaneti. Mzee Severin alikuwa ameuliza tu, kwa meseji ya kawaida isiyohitaji bando, kama nitafika Jumapili. Kakajibu: "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?" Marahaba! Nani kakaamkia? Mzee akauliza anaongea na nani. Kakasema: na babu yako.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepanda Bigwa kuomba radhi. Nimepiga magoti, shikamoo zimenitoka mfululizo. Deo alikuwepo, kabeba tenga. Naye akaniamkia, mshenzi yule! Shikamoo babu!

Modesta akanivuta pembeni. Kasema ananipenda mimi, na kigugumizi changu, tangu zamani. Amechoka kuchumbiwa na mashine. Machozi yalinilenga. Mzee naye kalainika. Kasema kesho niende kuposa mwenyewe, hataki mshenga, hataki simu mkononi. Nikishindwa kusema yaliyo moyoni mwangu, atamsikiliza Deo.

Nimeelewa! Nimeelewa kabisa! Simu haitakuwa mkononi. Nimeazima kidude cha kuvaa sikioni, hakionekani hata kidogo. Mtoa huduma wa nne nimemuunganisha jioni hii, anasifika kwa sauti; atanong'ona, mimi nifuatishe. Na lile agizo la mzee mwenye hekima nimelifuta. Sasa linasema: ongea kama mimi.