Karanga Kwenye Ndoo za Moto

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki imeanza kwa kunidharau. Bosi Alnoor katuita mimi na Loveness chini ya bawa la ndege yake. Ndege ndogo, viti viwili, nyeupe. Sisi ndio walinzi wa moto wa kiwanja hiki cha nyasi, huku njia ya Pangani. Mimi ndiye mkuu. Hakuna aliyeniteua, ila ukinitazama tu unaona.

Bosi kasema Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, ataruka kuzunguka pwani, na kiti cha pili kiko wazi. Atakikalia yule atakayeonyesha wiki hii kwamba kazi ya moto anaiweza. Ati tushindane! Mimi na Loveness! Kiti changu hicho. Nimeshaitangazia Tongoni nzima, kijijini kwetu. Mama anajua, shangazi wa Pangani anajua, mpaka muadhini anajua. Nimewaambia nitapita juu yao baada ya sala ya Ijumaa, nikipunga kitambaa chekundu dirishani. Nikikosa, uso nitauweka wapi? Bado wananicheka kwa lile la mwaka jana, niliposema nimechaguliwa golikipa wa timu ya mkoa.

Halafu bosi akatupa somo, kama watoto. Petroli inayowaka haimwagiwi maji. Mtungi mwekundu wa gesi ya kuzimia ni wa moto wa injini. Ndoo za mchanga ni za petroli iliyomwagika chini, na mchanga usiisogelee injini hata punje. Loveness akawa anaitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani. Mimi sikuitikia. Mambo hayo nimeyajua tangu darasa la sita. La saba sikulimaliza kwa sababu halikuwa na jipya.

Bosi alipoondoka, Sadalla na wenzake wakaja kutoka Tongoni kuhakikisha kama kweli nafanya kazi na ndege. Washenzi! Wamebeba soda, za moto kama chai. Sasa nani aligundua kwamba ule mtungi wa gesi ukiubonyeza unatoa baridi kali? Mimi. Nikapanga chupa kwenye karai, nikachomoa pini. Fooo! Moshi mweupe, chupa zimeota barafu! Sadalla karuka nyuma, akasema, "Uweso, wewe jini!" Wakaomba tena. Nikabonyeza tena. Na tena. Wameondoka wananiheshimu.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Praxeda, anayekaanga karanga pale getini, kaja analalamika. Mchanga wake wa kukaangia umechoka, umekuwa mweusi, karanga zinaungua upande mmoja. Macho yake yakatua kwenye ndoo zetu. Mchanga mweupe, laini, Loveness kauchekecha kwa mikono yake. Mama Praxeda akauchota, akauacha uteleze vidoleni. Akaniuliza, "Mwanangu, mchanga kama huu unakaa tu?"

Kweli, unakaa tu! Tangu niajiriwe haujazima hata kiberiti. Huo ni uonevu, mchanga unakula bure. Nikampa wote. Tumekubaliana nipate kikombe cha karanga kila siku. Na ndoo zisionekane tupu, akishakaanga karanga azimwage humo zipoe, juu tunafunika na mfuniko. Nani mwingine angefikiria hilo?

Jioni Loveness kauliza mbona ndoo za moto zinanukia karanga. Nikamwambia ni pua yake. Akasema pua yake imekulia mashambani Maramba, haijawahi kumdanganya. Umbea tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelala nikiwaza. Bosi ataonaje kwamba mimi ni shujaa wa moto kama moto wenyewe hautokei? Hapo ndipo wasomi wanapokwama. Mimi sikukwama. Nikawasha wangu.

Mdogo tu! Nyasi kavu nyuma ya banda, mbali na ndege, mimi si mwendawazimu. Mpango ulikuwa bosi akishuka garini anikute napigana na ndimi za moto, kifua wazi. Nikawasha, nikakimbilia getini kuchungulia gari lake. Halikuja. Nikachungulia. Halikuja. Nani kamfundisha yule mtu kuchelewa siku ya kazi?

Nageuka, naona moshi umekuwa mkubwa kuliko nilivyoukadiria. Upepo wa baharini huo, hauna adabu. Nafika, Loveness kashaumaliza! Kwa matawi mabichi ya mwarobaini, anapiga, anakanyaga, uso mweusi kama sufuria. Na hapo hapo, hapo hapo, gari la bosi likaingia.

Kampongeza mbele yangu. Kamkabidhi na chupa yake mwenyewe ya maji. Mimi kaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nalinda geti moto usitoroke. Akanitazama sana. Akauliza moto umetoka wapi, nikasema bila shaka ni jua limepiga kipande cha chupa.

Baadaye Loveness kanifuata, kanitumbukizia kitu mfukoni. "Kiberiti chako, kaka. Kilikuwa kinaota jua nyuma ya banda." Basi. Hajamwambia bosi. Ananiwekea siri ili anitawale! Watu wa namna hiyo ndio wanaoharibu nchi.

Mama kapiga simu. Shangazi ameshawasili na mkeka wa kukalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika kwa hasira. Sikilizeni dhuluma hii.

Bosi alikuwa anaijaribu injini kwa ajili ya kesho. Haikuwaka. Akapampu petroli. Haikuwaka. Akapampu tena, na tena. Mara paa! Moto ukachungulia chini ya pua ya ndege, na petroli inadondoka. Moto wa kweli! Wakati wangu! Nikamsukuma Loveness, nikanyakua mtungi wa gesi, nikasimama kama askari. Nikabonyeza.

Fyu.

Basi. Kama bibi anapuliza chai. Sadalla na ukoo wake wameinywa gesi yote.

Bosi yuko ndani, hatoki! Anaendelea kukoroga stata ya kuwashia injini, pangaboi linazunguka, moto uko chini ya miguu yake. Nikapiga kelele aruke. Kiziwi. Loveness, huku anakokota madumu ya petroli kuyaweka mbali na bawa, akanipigia kelele nimwache bosi, kafunga mafuta, anataka injini iuvute moto ndani iumeze. Injini imeze moto! Nani aliyewahi kusikia hilo? Nikakimbilia ndoo. Nikang'oa mfuniko. Nikairusha yote kwa nguvu za mababu zangu.

Karanga.

Pangaboi likazipokea. Mvua ya karanga kiwanja kizima! Zimegonga mabati, zimegonga madumu, Mama Praxeda kapigwa na bidhaa yake mwenyewe, analia, "Karanga zangu! Uweso, karanga zangu!" Na moto ukazima. Narudia: nikarusha, ukazima.

Bosi akashuka polepole. Loveness naye kajibwaga kwenye nyasi, kashika kichwa. Bosi akatoa karanga nywelini, akauliza ni nini hii. Nikasema ni karanga, shikamoo. Akauliza karanga inafanya nini kwenye ndoo ya moto. Nikasema inapoa, bosi.

Akachukua mtungi, akaupima kwa mkono, mwepesi. Akaniuliza gesi imekwenda wapi. Nikamweleza habari za soda. Akasema moto umezimwa na stata, si na mimi, na kama ungekataa, angeungua huku mimi nimesimama na mtungi mtupu. Akasema kingine: kama ndoo ile ingekuwa na mchanga na ukaingia ndani, hii injini angeizika leo.

Haya! Sasa hesabu rahisi. Nani aliyehakikisha ndoo haina mchanga? Mimi. Basi nani kaiokoa injini? Nikamuuliza waziwazi. Akaitafuna ile karanga, akameza, akasema kiti ni cha Loveness, na mimi nizikusanye karanga zote, moja moja, kwa mkono.

Shukrani ya dunia hii.

Kitambaa changu chekundu nimekitupa kwenye pipa la taka. Loveness kakiokota, akasema kama sikitaki atajifutia masizi. Simu ya mama sikupokea.

Ijumaa, 8 Agosti

Mafundi wameikagua ndege tangu alfajiri, wakasema iko salama. Baada ya sala imeruka. Mimi nimebaki chini, nimepiga magoti, naokota karanga. Loveness kavaa miwani ya jua! Ya bosi! Kanipungia kwa vidole viwili kama mke wa balozi.

Nikaitazama ikielekea Tongoni. Nikawafikiria mama, shangazi, mkeka, muadhini. Nikazima simu. Nimepanga kuhamia Mombasa.

Iliporudi, Loveness kasema Tongoni watu walijaa nje, wanaruka, wanapunga kanga. Naye akapunga dirishani. Na nini? Na kitambaa. Changu! Nikamwita mwizi. Akasema, "Sasa ningefanyaje, kaka? Mama wa watu anapunga vile, nimnunie?"

Kaniibia hata kupunga kwangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimewasha simu. Meseji zimemiminika. Mama kapiga hapo hapo, analia. Nikajiandaa kwa matusi. Anasema mkono wangu ameutambua hata kule juu, tangu utoto napunga vile vile. Shangazi kamuunga mkono. Sadalla mwenyewe kaja nyumbani kuomba radhi kwa lile la golikipa!

Nikamwambia mama kwamba kweli, nilichoka mkono. Na kwamba mara nyingine nitashika usukani mimi, bosi apumzike. Mama akapiga kigelegele. Akasema basi kesho wanakuja wote kunipongeza hapa hapa kazini, na shangazi pia, na muadhini.

Loveness kasikia. Kasema hatasema kitu, ila nisiguse ndoo zake. Kauchekecha mchanga mpya. Ndoo zake! Nani mkuu hapa?

Na asubuhi hii bosi kaleta mtungi mpya wa gesi, mkubwa kuliko ule, mzito hasa. Kaniapisha nisiuguse isipokuwa kwa dharura.

Wageni wote wale, jua hili, na soda za moto. Kama hiyo si dharura, sijui ni nini. Nimeshaazima karai.