Mama Mkwe na Minara Miwili ya Las Vegas

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mitchelle anaolewa Las Vegas, Jumamosi ya tarehe 22 mwezi huu. Habari imethibitishwa na mama yake, Mama Mitchelle, muuza samaki wa Soweto East, aliyeitangaza leo asubuhi huku akigeuza mbuta kwenye mafuta. Bwana harusi ni Kiragu, kijana wa Kawangware. Wote wawili ni wauguzi huko Texas. Kwa nini basi Las Vegas? Mama anasema huko cheti cha ndoa kinatoka siku hiyo hiyo. Viza anayo. Tiketi ya ndege anayo. Hajamwona mwanawe kwa miaka sita. Kilichobaki ni mahali pa kulala.

Las Vegas! Mji wa kasino, wenye hoteli kubwa kuliko mtaa mzima. Na nani hapa Kibera anazijua hoteli za Las Vegas? Mimi, Walubengo. Kwa miaka mitatu nimekaa kwenye saiba ya Njambi, duka lake la intaneti huko Kawangware, nikiwaandikia Wamarekani makala za mtandaoni kuhusu hoteli nafuu za mji huo. Jina linalotokea juu ya makala ni Todd. Kufika sijafika. Daktari wa uzazi naye si lazima awe amejifungua.

Nimemwambia Mama aniachie kazi hiyo. Osewe, mpwa wake, anayekatia watu tiketi za basi za kwenda Kisumu, alikuwa pale akila samaki wa bure. Akasema yeye ndiye ndugu. Akaniuliza kama ndege yenyewe nimewahi kuiona ikiwa chini. Mtu wa basi! Nimempuuza.

Mama amenipa mimi. Nimeagiza bango: WALUBENGO SAFARI NA MALAZI.

Nalala saiba siku hizi, kwenye benchi ya wateja. Mama mkwe amekuja kutoka Vihiga kutibiwa macho, na kwetu Soweto West ni chumba kimoja. Mtu halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hilo halihitaji maelezo. Benchi ina msumari.

Jumanne, 4 Novemba

Utafiti tangu asubuhi. Hasira tupu! Hoteli inatangaza bei ndogo kwa herufi kubwa, halafu kwa herufi ndogo inaongeza ada ya bwawa la kuogelea, kila siku, uogelee usiogelee. Mama Mitchelle haogelei! Nimeziandikia hoteli nne kuzieleza kwamba mgeni wao amezaliwa kando ya Ziwa na hajawahi kuliingia kupita magoti. Tatu zimenijibu kwa mashine. Ya nne imenitakia siku ya kupendeza.

Halafu kuna chupa ya maji mezani. Ukiinyanyua tu, hata kama ni kusoma kilichoandikwa, umeuziwa. Hata mwenye nyumba wangu, anayetulipisha choo, hajafikia hapo.

Nikiwa Todd niliyaandika haya yote bila kuhema. Leo yameniuma.

Njambi ameuliza kwa nini napiga meza yake ngumi. Nikaanza kumweleza. Akanikatiza: "Todd, toa miguu kwa kiti ya kastoma."

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeshinda! Hoteli ya kasino, katikati ya mji, orofa thelathini. Ofa ya harusi: chumba cha maharusi na chumba cha mzazi kwa bei ya kimoja. Ada ya bwawa imefutwa. Kifungua kinywa cha kujipakulia. Masharti mawili tu: vyumba vyote viwe katika hoteli hiyo, na ukishalipa hurudishiwi. Nani atataka kurudishiwa?

Nilimwandikia Mitchelle, akatuma pesa papo hapo. Akaongeza kwamba alitaka kwanza tuongee kuhusu rafiki yake Aketch, anayeishi huko huko Las Vegas. Nikamjibu asijisumbue. Bibi harusi ana mengi kichwani. Amwachie mtaalamu.

Nimepitia nyumbani kumpa Mideva, mke wangu, habari njema. Nilisimama nje, maana mama mkwe alikuwa anakunywa chai, nikaeleza kupitia pazia. Mideva akauliza kama kweli wote watalala hoteli moja. Nikasema moja, tena ya kifahari. Pazia likakohoa. Aliyekohoa si Mideva.

Jumamosi, 8 Novemba

Balaa.

Chama cha akina mama kilikutana Sarang'ombe kumwombea Mama Mitchelle safari njema. Niliitwa kueleza malazi. Nilivaa tai. Nikaeleza kifungua kinywa, vigelegele. Nikaeleza vitanda, vigelegele. Mama Mitchelle akauliza, taratibu kabisa, Kiragu naye atalala wapi. Nikamwambia awe na amani, ni orofa inayofuata tu, akikohoa mkwe anasikia.

Hata mtoto aliyekuwa akilia aliacha.

Mama akaweka soda chini. Akasema hawezi kulala nyumba moja na mkwe wake, siku ya harusi wala siku nyingine. Ataita chira, na laana hiyo haitampata yeye mzee, itampata mtoto ambaye Mitchelle atamzaa. Akasema ikiwa ndivyo, basi hatasafiri. Alikuwa na kitambaa cha kichwa alichokinunua kwa ajili ya harusi. Alikikunja, kikakaa vibaya, akakikunjua, akakikunja tena.

Osewe, aliyealikwa na sijui nani, akapaza sauti: "Kwani wewe si Mbukusu? Hii kitu kwenu haiko?"

Nikamjibu kwamba ile ni hoteli, si nyumba.

"Iko na paa ama haina?"

Akina mama wakacheka. Walikuwa bado hawajamaliza vitafunio nilipoondoka.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika kwa uchungu. Watu wanadhani mimi sijui mila! Nalala wapi mimi? Kwa nini? Mgongo wangu una alama ya mila! Lakini mambo hayalingani. Kwangu ni chumba kimoja cha mabati. Kule ni orofa thelathini, lifti na walinzi. Hakuna ukwe unaopenya zege kiasi hicho.

Nilimpelekea Mama hoja hii kibandani baada ya kanisa. Aliisikiliza yote. Akasema: "Walubengo, mila haiombi viza." Akageuza samaki.

Nikarudi saiba. Nikachimba. Na nikapata! Hoteli ina minara miwili. Wa Mashariki na wa Magharibi. Maharusi wanaweza kuhamishiwa wa Magharibi bila malipo. Nikarudi Soweto East mbio.

Mama alifikiri hadi samaki akaungua upande mmoja. Kisha akatoa kipimo. Mvua ikinyesha, mtu anayetoka mnara mmoja kwenda mwingine analowa ama halowi? Akilowa, hizo ni nyumba mbili, na yeye ataenda. Asipolowa, ni nyumba moja yenye vichwa viwili.

Nikasema analowa chepechepe. Nilisema bila kupepesa. Mama akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga na mafuta. Ataenda.

Tena Las Vegas ni jangwa. Mvua yenyewe haiko. Nani atapima?

Jumanne, 11 Novemba

Osewe ni nyoka.

Nilimkuta kibandani kwa shangazi yake, wateja wamejaa, simu mkononi. Alikuwa amepata makala kuhusu hoteli ile ile. Akaisoma kwa sauti, akitafsiri sentensi moja moja kama mkalimani wa krusedi ya injili. Eti raha kubwa ya hoteli hii ni kwamba minara yake miwili imeunganishwa na ukumbi wa maduka na kasino. Eti ni paa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Eti mgeni anaweza kutembea mnara hadi mnara wiki nzima asiguswe na jua wala tone la mvua. Tone! Akamalizia na jina la mwandishi: Todd.

Nilifanya nini? Nilimkana Todd. Nilisema mwandishi huyo namjua vizuri, ni mvivu, Las Vegas hajawahi kukanyaga, anaokota maneno yake kwenye makala za wenzake. Nilisema hatuwezi kufundishwa maana ya paa na Mmarekani. Nilikuwa naendelea vizuri. Mteja mmoja alikuwa amesema ni kweli, hawa wazungu huandika tu.

Hapo ndipo Njambi alipotokea. Nilikuwa nimeondoka na ufunguo wa saiba. Alikuwa amekuja kutoka Kawangware, amekasirika, na alianza kuita akiwa mbali.

"Todd! Wewe Todd! Leta funguo, makastoma wamesimama nje tangu asubuhi!"

Osewe hakucheka. Alinitazama tu kama mtu aliyepata kiti dirishani.

Mama Mitchelle hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza kama, kwa maoni ya Todd, mtu analowa ama halowi. Nikasema halowi. Akavua aproni, akafunga kibanda, samaki wakiwa bado kwenye karai.

Jumatano, 12 Novemba

Simu mbili kutoka Texas.

Ya kwanza, Kiragu. Anasema yeye ni Mkikuyu, mambo ya paa hakuyajua, ila yuko tayari kulala ndani ya gari hadi mama mkwe aondoke. "Buda, mimi nataka tu kuoa." Nilimwonya mapema kwamba hoteli ile inalipisha maegesho.

Ya pili, Mitchelle. Huyo hakuwa mpole. Aketch, rafiki yake wa tangu shule, ana nyumba Las Vegas na chumba kisicho na mtu. Hilo ndilo alilotaka kuniambia Alhamisi. Mama atalala kwa Aketch, atapikiwa ugali, na hatalipa kitu. Kiragu na yeye watabaki hotelini. Akaniambia nisiguse tena chochote cha harusi yake, na hata nikiiota, niamke. Nikauliza kuhusu chumba cha mzazi, kimeshalipiwa. Akasema kipotee.

Bure! Miaka mitatu ya utaalamu, halafu mtu analala bure kwa rafiki! Hivi ndivyo biashara za watu zinavyouawa. Na kama jambo lilikuwa rahisi kiasi hicho, mbona hakuna aliyeniambia?

Kibanda kimefunguliwa tena. Majirani wanasema Mama Mitchelle alikuwa akiimba. Kitambaa kimeingia kwenye sanduku. Anaruka Jumatano ijayo, tarehe 19, na atakayempeleka uwanja wa ndege ni Osewe. Amenitumia samaki kupitia kwa Mideva. Mmoja. Ameungua upande mmoja. Sijui nimwelewe vipi. Nimemla.

Ijumaa, 14 Novemba

Fundi ameleta bango. Linapendeza. Bango kama hili haliwezi kuegemezwa ukutani bila kazi.

Nimepiga hesabu ya haki. Chumba kipotee? Vitanda viwili vikubwa, mashuka meupe, vikae wazi wikendi nzima huku mimi nimelalia msumari? Sitakubali. Tena benchi itaendelea: daktari anataka kuliona jicho la pili la mama mkwe, kwa hiyo yuko hadi Desemba. Mideva alinipa taarifa hiyo kupitia pazia, akicheka. Pazia nalo lilicheka.

Kwa hiyo: bahati nasibu! Tiketi zinauzwa hapa saiba. Njambi atajulishwa baadaye. Zawadi ni chumba cha Las Vegas, viza na nauli mshindi ajitafutie. Nimeiuliza hoteli kama jina la mgeni linaweza kubadilishwa. Wamenitakia siku ya kupendeza, nami nimelichukua hilo kuwa ndiyo. Osewe alipita akanunua tiketi. Anasema ni ya kumbukumbu. Wivu.

Kosa langu la mwanzo nimeliona. Nilieleza hoteli vibaya. Mtu akielezwa vizuri, hawezi kukataa. Safari hii tangazo nimeliandika kwa makini, na nimelibandika chini ya bango:

CHUMBA KIKUBWA LAS VEGAS! Vitanda viwili, familia nzima pamoja. Minara miwili, paa moja, hulowi hata tone! Njoo na mke, watoto na mama mkwe. Droo ni kesho, Jumamosi tarehe 15, saa nane mchana, mbele ya saiba ya Njambi, Kawangware. Mvua ikinyesha, sote tutaingia ndani.