Kuku Miguu Juu Ukutani

Jumatatu, 16 Juni 2025

Hildegardi kaondoka asubuhi kwenda Lituhi. Mdogo wake, Lidia, kajifungua na hana mtu wa kumpikia uji. Nimebaki na watoto wetu wawili: Tadea, wa miaka tisa, na Elias, wa mitano. Shule zimefungwa. Kahawa iko kwenye vichanja mbele ya nyumba, inakauka yenyewe, haihitaji mtu. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu.

Kabla ya kupanda gari akanionyesha picha ambayo Elias aliichora chekechea. Waliambiwa wachore familia. Mama ana jembe. Tadea ana ndoo. Televisheni ya Ausi, jirani yetu mwenye duka, ina miguu na inacheka. Pembeni kuna duara jeusi juu ya shingo. Nikauliza ni nini. Elias akasema ni mimi. Nikauliza macho yangu yako wapi. Akanieleza kwa upole kwamba pale ni kisogo, kwa sababu baba huwa anaangalia simu.

Sikuumia. Ilinichukua mchana kutwa kutoumia.

Ushauri wa Hildegardi: niketi nao tu. Niketi! Ausi anawavuta kwa televisheni ya ukutani, mimi niketi. Dawa ya moto ni moto. Watoto wamechukuliwa na teknolojia, watarudishwa kwa teknolojia. Na baba yao, Raimundi, ndiye atakayewarudisha.

Jumanne, 17 Juni

Somo la kwanza. Mkeka sebuleni, simu katikati, watoto kushoto na kulia. Mada: Ziwa Nyasa. Hawajawahi kuliona. Sisi ni watu wa milimani, watu wa Mapera, na kila tukipanga kushuka ziwani kahawa inakataa.

Nilitegemea wanyamaze na kutazama. Wakaanza maswali kabla video haijafunguka. Elias alitaka kujua ziwa linaishia wapi kwa chini. Tadea aliuliza kama samaki anajua anapovuka kutoka Tanzania kwenda Malawi, au huambiwa na wenzake. Maswali mazuri. Nikasema ngoja nitafute.

Nikatafuta. Kabla ya jibu ikatokea video ya bwana mmoja anayesaga mahindi kwa injini ya pikipiki. Ikafuata ya mwingine anayechimba kisima kwa injini hiyohiyo. Nilipoinua kichwa kuwaita waone, mkeka ulikuwa mtupu.

Niliwakuta dukani kwa Ausi, wamekaa juu ya katoni za sabuni, wanamtazama dubu anayeongea. Ausi akanikaribisha vizuri, akaniita Baba Tadea, akauliza habari za mzazi wa Lituhi. Mtu mwenye adabu sana. Ndiyo mbinu yake. Mkewe, Mwanaisha, alikuwa amewapa watoto kashata. Nikanunua chumvi ili nisionekane nimefuata watoto. Chumvi ipo nyumbani, mfuko mzima.

Jumatano, 18 Juni

Nimegundua kosa la jana. Video ya ziwa ni kitu kilichokufa. Watoto wanataka ziwa lenyewe, likiwa hai. Na mama yao yuko pale pale ufukweni.

Hapa kwetu mtandao wa maana unapatikana kwenye jiwe la kona ya kuelekea kanisani. Tukapanda watatu, tukashikana tusianguke. Hildegardi akapokea, akageuza simu kuelekea majini. Ziwa likaonekana. Bluu kabisa, na mitumbwi miwili. Elias akaacha kupumua. Alipoanza kujigeuzia tena simu, picha ikakwama. Sehemu moja maji, sehemu nyingine mdomo wa mama yao ukiwa wazi, na hausogei.

Elias akauliza mama amekwama na nini. Nikamwambia hajakwama, ni mtandao. Akauliza kama mtandao ni ule wa kuvulia samaki. Nikasema hapana, ule ni wavu. Akalia. Anaamini mama yake kanaswa ziwani pamoja na dagaa, na mimi nakaa juu ya jiwe nasema bando, bando.

Baadaye Hildegardi akapiga simu ya kawaida. Elias alimhoji kwa muda mrefu ndipo akaridhika kwamba anaweza kufunga mdomo.

Jioni walienda kwa Ausi. Sikuwazuia.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimejenga sinema.

Boksi la viatu, kioo cha kukuzia cha marehemu baba, simu ndani ya boksi. Shuka jeupe upande mmoja wa chumba chetu cha kulala. Filamu nimeitengeneza mwenyewe, nikiwa nimevaa koti: nasaha za baba kwa wanawe kuhusu mipango maishani. Ndefu kidogo, lakini imejaa mambo.

Sinema inataka giza. Nikafunga dirisha la mbao linalotazama barabarani. Nikaziba nyufa kwa matambara. Nikaweka blanketi mlangoni. Giza zuri, kama ndani ya mtungi. Nikawaketisha watoto kitandani, nikawasha.

Kwenye shuka kukatokea ukungu wenye koti. Nikasogeza boksi mbele, nikasogeza nyuma. Nikawaomba wavumilie, baba yao anakuja. Wakanyamaza kabisa. Nikajua nimewapata. Kugeuka nyuma, wamenipa mgongo. Wanatazama ukuta wa upande wa pili, mweupe kwa chokaa, unaokabili dirisha.

Ukutani alikuwa anatembea kuku. Miguu juu.

Kuku mwekundu kabisa, mwenye rangi zake. Chini yake mbingu. Juu yake ardhi, na vichanja vyetu vya kahawa vinaning'inia kama popo. Nikafikiri simu inavuja. Nikaizima. Kuku akaendelea kudonoa.

Tadea ndiye aliyeona. Kwenye ubao wa dirisha kuna tundu la msumari, msumari wenyewe ulishang'oka zamani. Akaweka kidole pale: kuku akatoweka. Akatoa: kuku akarudi, na mwenzake. Akaweka, akatoa. Sijawahi kumwona mwanangu na uso ule.

Elias akakimbia nje. Tukamsikia akiuliza kwa sauti kama ameingia.

Tadea akamjibu, "Umeingia. Unaning'inia."

"Naanguka?"

"Huanguki. Ruka tuone."

Akaruka. Ukutani akatumbukia kwenye mbingu, akarudi. Walibadilishana kazi hiyo, mmoja nje mmoja ndani, mpaka jua lilipozama nyuma ya mlima na ukuta ukawa ukuta. Hakuna aliyeulizia filamu yangu. Ila hakuna aliyeulizia televisheni pia. Nahesabu huu ni ushindi wa teknolojia, ingawa bado sijajua ni teknolojia gani.

Ijumaa, 20 Juni

Ukungu ulichelewa kuondoka asubuhi. Watoto walikaa kitandani wakisubiri jua kama watu wanaosubiri gari.

Nikaamua niwaeleze kwa nini picha inapinduka, kabla mtu mwingine hajawaeleza. Nikapanda jiwe, nikasoma, nikashuka. Mwanga huenda moja kwa moja, haujui kupinda kona. Wa juu ukipita kwenye tundu unashukia chini, wa chini unapandia juu. Nilivyoeleza, hata mimi nilipotea. Tadea akachukua bua jembamba la nyasi, akalipitisha kwenye tundu. Akamwambia Elias akalishike kwa nje na kulinyanyua. Elias akanyanyua. Huku ndani ncha ikashuka. Tadea akaniangalia kuona kama nimeelewa.

Kisha Elias akauliza kama jicho nalo lina tundu. Nikasema lipo, lile doa jeusi la katikati. Akauliza, sasa ndani ya kichwa chake sisi tuko miguu juu? Nikacheka. Nikapanda jiwe kuhakikisha. Ni kweli. Picha inaingia jichoni ikiwa imepinduka, ubongo ndio unaigeuza. Miaka yote hii, na hakuna mtu aliyeniambia. Elias, tangu apate habari hiyo, anatembea taratibu sana mkono mmoja umeshika ukuta.

Mchana tulikuwa wote watatu ndani. Tadea akasema, "Baba, mbuzi wetu yuko kwenye chanja."

Nikaona ni nafasi ya somo. Nikamweleza kwamba katika picha hii mambo yote yamegeuka, kwa hiyo anayeonekana juu ya chanja kwa kweli yuko chini ya chanja, kivulini, hana neno. Tadea akasema katika picha yuko chini. Nikamwambia basi ndivyo. Akafikiri. Akasema, kwa heshima, kwamba chanja nacho kimegeuka. Nikamwambia asichanganye mambo.

Nilipotoka mbuzi alikuwa juu ya chanja. Miguu miwili ilikuwa imepasua wavu. Kahawa ilikuwa chini, imechanganyika na vumbi, na kuku wale wa ukutani wanaichakura. Tuliiokota wote mpaka jioni. Tadea hakusema lolote. Ni mtoto mwenye malezi mazuri, amefanana na mama yake.

Jumamosi, 21 Juni

Habari zimesambaa. Asubuhi walikuja watoto wa jirani, kisha wa mbali. Chumba kikajaa mpaka kitandani. Wengine walikubali kuwa nje ili wawe picha. Mmoja alileta baiskeli.

Saa sita akaja Ausi mwenyewe. Alizima televisheni kwa kukosa watazamaji. Akavua ndala mlangoni, akasalimia, akaketi sakafuni na watoto, akatazama barabara yetu ikipita juu ya vichwa vyetu. Akasema subhanallah. Akaniambia duka lake liko pembeni ya barabara hii tangu enzi za babu yake aliyekuja kutoka Kilwa, na hajawahi kuiona. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na nia, itakuwaje tundu likiwa kubwa zaidi.

Nikashtuka. Kumbe anataka kufungua la kwake, kubwa kuliko langu. Nikasema swali hilo nimeshalifikiria. Nikachukua patasi.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Tundu la msumari linatoa kuku. Tundu la ngumi litatoa ng'ombe. Nikachonga. Picha ikang'aa zaidi, nikafurahi, nikaongeza. Ikaanza kuwa na ukungu. Nikadhani ni vumbi la mbao. Nikaongeza tena. Halafu hapakuwa na kuku wala barabara. Palikuwa na ukuta uliomulikwa vizuri, na watoto wa kijiji kizima wanatazama magodoro yetu.

Wakatoka mmoja mmoja. Ausi akatoka wa mwisho, akasema pole.

Elias akaukaribia ukuta, akauwekea kiganja. Akauliza, "Baba, umewaua?"

Ningeweza kumwambia ni mambo ya mwanga. Sikuweza. Nikaketi kitandani na patasi yangu.

Tadea akatoka. Akarudi na mfuniko wa boksi la viatu, sinema yangu, akautoboa kwa sindano ya mama yake. Akaupaka ugali wa jana pembeni, akaubandika juu ya shimo. Tukasubiri macho yazoee giza. Kwanza ukaja mgomba. Kisha uzio wa Ausi, kila mti peke yake. Halafu kuku, miguu juu, safi kuliko mwanzo. Ausi alirudi na kitambaa kizito cheusi kutoka dukani, cha kuzuia mwanga wa mlangoni. Nikawaambia nilikuwa karibu kufanya hivyohivyo.

Alasiri ilikuwa kimya. Elias aliniegemea mkono akitazama, akalala hapohapo. Simu ikaita mfukoni upande huohuo. Kuifikia ingebidi nimwamshe. Ikaita mpaka ikachoka. Mkono ulikufa ganzi. Tadea alinionyesha upepo ukipita kwenye majani ya mgomba, na sisi ndani hatuusikii. Sijui tulikaa muda gani. Siku haikuwa na maendeleo yoyote, lakini naiandika.

Hildegardi alirudi jioni, salama, na dagaa. Kabla hajanywa maji watoto walimvuta chumbani. Ilikuwa giza tayari, hakuna picha. Akawaahidi kesho.

Jumapili, 22 Juni

Sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Tulisali misa ya kwanza. Baada ya misa ya pili maandamano yanapita mbele ya nyumba yetu, ndipo tunajiunga nayo. Barabara yote imepambwa migomba na maua.

Watoto waliomba waone kwanza ukutani, kisha watoke na kujiunga. Hildegardi akakubali. Ausi na Mwanaisha nao wakaja, wakakaa karibu na mlango.

Mimi nikaona mbali zaidi yao. Picha ya ukutani inapita na kupotea. Haihifadhiki. Nikapanda juu ya banda la kuku na simu ili nirekodi maandamano yote kutoka juu, kisha tuyaangalie pamoja kama familia, kwa nafasi, tena bila kupinduka.

Yakaja. Msalaba, bendera, wimbo, watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu wakirusha maua, padre chini ya mwavuli, ameshika Ekaristi. Kutoka chumbani nikamsikia Elias.

"Baba, njoo uone! Maua yanaanguka kwenda juu!"

Nikamwambia nakuja, nirekodi kwanza. Akaita tena. Nikamwambia asiharibu sauti.

Hildegardi kanisimulia baadaye. Anasema watu walipita vichwa chini, wanaimba, na maua yakawa yanatoka mikononi na kupanda taratibu mpaka kwenye barabara iliyo juu. Padre alipofika katikati ya ukuta watoto wakapiga magoti kitandani, mama yao naye akapiga magoti. Ausi akainamisha kichwa. Hakuna aliyewaambia. Alinisimulia huku ameshika shavu.

Tukakaa kuangalia rekodi yangu. Simu ilikuwa kwenye kamera ya mbele, na kwa ukali wa jua sikuona kioo. Ni uso wangu, kuanzia mwanzo wa maandamano hadi mwisho, nimekunja jicho moja kwa sababu ya jua, na wimbo unasikika vizuri sana. Hildegardi alishindwa kumaliza kwa kucheka. Watoto wameomba irudiwe.

Kosa nimeliona. Ni simu. Ya kizamani, na banda la kuku ni fupi. Nimeshampata bwana mmoja wa Mbinga mjini mwenye kamera inayoruka. Ikipaa juu ya Mapera, mwakani hatapita mtu nisimpate, na wanangu wataona kila kitu.

Sasa hivi wananiita tena chumbani, mama yao akiwemo. Jua limegeuka, inaonekana kuna kitu kipya ukutani, wanabishana ni nini. Nimewaambia watangulie kutazama. Bwana wa kamera yuko hewani, ananielekeza kuhusu betri.