Kutu katika Damu ya Meerim

Jumatatu, 4 Machi. Bishkek, theluji imegeuka tope. Mwalimu mkuu anataka kuwapa wastaafu wa voliboli ukumbi wetu wa mazoezi. Wastaafu! Vijana wetu wenye sindromu ya Down wamekimbia humo majira yote ya baridi. Seli zao hushika kutu, yaani madhara ya oksijeni, zaidi kuliko zetu, na Daktari Nurzat anapima damu aone kama mazoezi yamepunguza kutu hiyo. Ikipungua, ukumbi unabaki. Isipopungua, binti yangu Meerim, miaka kumi na tisa, anarudi kwenye kochi. Tolkun, mzazi mwenzangu na muuza juisi, amedai kikaoni kwamba juisi yake inatosha kuondoa kutu. Nilimjibu kwa hotuba ndefu. Watu wakaanza kuvaa makoti.

Jumatano, 6 Machi. Damu kesho. Mbinu: ngazi za jengo letu, ghorofa tisa, kuing'arisha damu kabisa. Meerim aliketi ghorofa ya pili. "Baba, daktari kasema leo nipumzike. Panda wewe." Nikapanda, kuonyesha mfano. Goti limekufa.

Alhamisi, 7 Machi. Damu hutolewa tumbo likiwa tupu. Adui: mama yangu, ambaye hamruhusu mtu kutoka nyumbani bila kuonja mkate. Nilimhutubia kuhusu sayansi hadi akajifungia jikoni. Ushindi. Kisha, tukitoka, mkono wangu mwenyewe ukamega kipande mezani, ukamtia Meerim mdomoni. Malezi gani haya! Hospitalini nikamwapia daktari kwamba mtoto hajagusa kitu.

"Nimekula," Meerim akasema. "Baba kanilisha."

Tumeahirishiwa hadi Jumatatu. Tolkun akanisubiri koridoni: "Kaka Sagynbai, mimi nihangaike nawe kwa nini? Unajimaliza mwenyewe."

Jumatatu, 11 Machi. Nimeamka, Meerim na mama wameshaondoka. Mlango umefungwa kwa nje. Wazee husahau.

Ijumaa, 22 Machi. Majibu yamesomwa ukumbini, wastaafu wakiwepo: kutu imepungua kwa karibu wote, Meerim akiwemo. Mwalimu mkuu amenywea. Meerim aliwageukia wastaafu: "Nyinyi chezeni Jumapili. Siku nyingine hapa ni petu." Daktari alieleza kwamba kinachosaidia ni mazoezi ya wastani, ya kila wiki, bila papara. Mchango wangu hakuutaja. Wivu wa kitaaluma. Vijana wenyewe wameweka sharti moja tu: mzazi mpiga kelele haingii ukumbini. Safi sana. Tolkun amepatikana. Jumatatu nitawahi kufika, nisimame katikati ya ukumbi, nimsomee sharti hilo kwa sauti.