Pazia la Dokta Dadi

Siku ya upimaji, Mikdad alisimama nje ya hema kwenye viwanja vya shule akaumia roho, kama mtu anayeona pilau linamwagwa. Ndani, wanawake wasiopungua mia wamejaa kwenye viti vya plastiki, kimya, wanamsikiliza muuguzi akieleza habari za saratani ya matiti. Walikuwa wameogopa vizuri kabisa. Ilikuwa hofu safi, ya kuuzika. Na muuguzi alikuwa anawauzia nini? Hakuna hata kimoja. Anawaambia nyonyesheni watoto, punguzeni unene, tembeeni mpaka jasho liwatoke, pombe kaeni nayo mbali, jikagueni kila mwezi, na mwenye mama au dada aliyeugua asichelewe kupimwa. Kisha akafunga daftari na kuwaaga.

"Bure?" Mikdad alimuuliza mlinzi.

"Bure."

"Maskini ya Mungu," alisema Mikdad.

Msimdhanie vibaya, alikuwa mtu wa huruma. Aliwahi kuwauzia watu wa Vigwaza dawa ya mbu iliyokuwa maji ya chumvi, na njia nzima ya kurudi Bagamoyo aliwahurumia. Sasa akawahurumia hawa waliotiwa hofu kisha wakarudishwa makwao mikono mitupu. Mtu ataamini vipi kwamba kutembea ni kinga, na kila siku anatembea kwenda sokoni? Mtu anataka chupa, tena yenye kifuniko.

Asubuhi yake alikuwa dukani kwa Geeta, mama wa Kihindi auzaye viungo na vipodozi. Akaagiza ndoo ya mafuta ya nazi, habasoda kidogo, marashi ya waridi na chupa ndogo arobaini.

Geeta alimtazama juu ya miwani. "Bwana Mikdad, unafungua saluni?"

"Naisaidia jamii, mama."

"Basi lipa taslimu. Jamii hailipi."

Pakabaki tatizo moja. Bagamoyo mwanamume hasimami mbele ya wake za watu akazungumza habari za matiti, labda awe amechoka kuwa na meno. Mikdad akaenda kwa Bi Mwaija, kungwi aliyewafunda nusu ya maharusi wa mji, mwenye ua mpana na neno lisilopingwa.

"Shikamoo, Bi Mwaija. Mimi ni daktari siku hizi, nina dawa ya kukinga matiti."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Sufiani muuza kashata? Udaktari umeusomea wapi?"

"Miono, kwa mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ila wakiniona watasema hivyo hivyo, mtoto wa muuza kashata. Ndiyo maana nataka nikae nyuma ya pazia, heshima ya wake za watu ilindwe. Na jina waambie Dokta Dadi."

Bi Mwaija alijifunga kanga upya kifuani. Mikdad alijiandaa kwa mabishano ya siku tatu, lakini bibi yule alikubali pale pale, kwa chupa tatu za bure. Mikdad alijisifu ulimi. Hakujiuliza kwa nini ilikuwa rahisi hivyo.

Basi zikashonwa kanga mbili, zikatundikwa uani. Upande huu wanawake, upande ule Dokta Dadi na kipaza sauti kidogo, amekwaruza koo lake kwa moshi wa ubani. Pesa zinapita chini ya pazia, chupa zinarudi. Mikdad hakuona uso wa mtu, aliona mikono tu. Nyumbani alimwambia mkewe, Hafidha, kwamba yuko Vigwaza kwenye biashara ya vitunguu.

"Mama zangu," alinguruma, "asubuhi na jioni mnajipaka mafuta haya, siku arobaini. Sharti ni moja. Aliye kwenye dozi asikanyage hospitali, mashine za kule zinayavunja nguvu."

Sharti hilo ndilo alilolipenda kuliko yote. Mteja asiyepimwa harudi na malalamiko.

Wiki mbili zikapita kwa neema. Asubuhi moja Hafidha yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, Mikdad anachovya chapati kwenye chai.

"Baba Amiri," alisema Hafidha bila kuinua kichwa, "nina kivimbe kwenye titi."

Chapati ikazama kikombeni. Mikdad hakuitoa. Mama yake Hafidha alikufa kwa ugonjwa huo huo, kule Fukayosi, baada ya kupakwa majani mwaka mzima na mganga mwenye maneno matamu. Mikdad mwenyewe alibeba jeneza. Alimpenda mama mkwe yule, na mapenzi yake kwa Hafidha yalizidi yale aliyowahi kumwambia.

"Twende hospitali. Sasa hivi."

"Siwezi. Niko kwenye dozi." Akatoa chupa kwenye pindo la kanga. Mikdad aliijua ile karatasi iliyobandikwa upande, aliibandika mwenyewe.

"Huyo ni tapeli, Mama Amiri."

"Umemjuaje?"

"Nimesikia."

"Mtu mwenye kauli nzuri vile? Sauti yake tu inamtuliza mtu. Wewe una wivu."

Mikdad hakujua afurahi au alie. "Mafuta ya nazi yale."

"Dokta alituambia watakuja watu kutuambia ni mafuta ya nazi."

Ni kweli alisema. Tena siku ile alijipongeza.

"Sasa nani akikwambia utasikia?"

"Dokta Dadi mwenyewe. Na awaambie na wenzangu, maana peke yangu siendi, naogopa." Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Mikdad akashindwa kuyatazama. Maisha yake yote aliuza uongo na wateja wakapanga foleni. Leo ana kweli moja, na mtu mmoja tu anayemtaka ainunue, haitaki.

Alasiri alikuwa nyuma ya pazia, na safari hii koo lilikwaruzika lenyewe.

"Mama zangu, yale mafuta ni ya nazi."

Akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

"Na marashi. Hayazuii kitu isipokuwa ukavu wa ngozi."

"Dokta anatupima imani," alisema mmoja.

"Mimi niongezee mbili," akasema mwingine, na mkono ukapita chini ya pazia na noti.

Mikdad akaurudisha ule mkono kwa upole. Akaapa. Akawaeleza yote ya muuguzi wa hemani, kunyonyesha, unene, jasho, kujikagua, kuwahi, wala hakusahau moja, maana siku ile alisikiliza kwa makini kama mwizi anayechungulia nyumba. Akawaambia mwenye kivimbe asimsikilize mtu mwingine yeyote, hata yeye. Walimwitikia amina kwa heshima, na hakuna aliyenyanyuka.

Ndipo aliposema neno lililomchoma: "Kila aliyenunua namrudishia pesa yake. Na kesho kuna gari hapa la kwenda hospitali, nauli juu yangu."

Imani ikaisha papo hapo. Mikono ikaanza kupita chini ya pazia. Mkono wa hina, mkono wa bangili, mkono usio na bangili, kisha mkono wa hina wenye bangili. Mikdad aliuza chupa thelathini na saba. Alipofika malipo ya hamsini alielewa, lakini angemshika nani, na mikono yote haina uso? Kila mkono aliuona huenda ni wa Hafidha, akalipa. Simu yake akamwachia mwenye gari kama dhamana.

Kesho yake alishinda barazani bila kula. Gari liliporudi, Hafidha alishuka akizungumza na wenzake, akaingia ndani, akavua viatu. Mikdad akamfuata.

"Wamesema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kivimbe, Hafidha." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Amiri azaliwe.

"Mimi sina kivimbe. Wamenipima vizuri, na kwa ajili ya mama wameniambia niwe narudi."

Mikdad akakaa chini sakafuni. Alitaka kukasirika, lakini furaha ilimzidi nguvu, akabaki anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi. "Ulijua lini ni mimi?"

"Siku ya kwanza. Sauti iliyonidanganya miaka kumi na mmoja, nisiijue kwa sababu ya kanga mbili? Geeta akaniambia ndoo ya mafuta imekwenda kwa nani. Ile asubuhi nilijifunika uso nisikuchekee."

Mikdad akacheka. Hafidha hakucheka.

"Bi Mwaija ndiye mwenye kivimbe," alisema. "Alikuwa nacho kabla hujaenda kwake. Unadhani ulimi wako ndio uliomkubalisha? Amejipaka wiki mbili, asubuhi na jioni, na sharti lako akalishika. Wamemchukua kipimo, majibu ni Alhamisi. Na utampeleka wewe."

"Kwa pesa gani? Mikono ile imenikausha."

Hafidha akanyoosha mikono yake miwili mezani, wa kulia una hina na bangili, wa kushoto hauna kitu. Akafungua pindo la kanga. "Nilipita mara tano. Nauli hii hapa. Iliyobaki ni sadaka ya mama yangu."

Alhamisi saa mbili asubuhi Mikdad alikuwa kwenye benchi la hospitali, mkoba wa Bi Mwaija mapajani, mbele ya pazia la kijani la daktari wa kweli. Alisikia sauti upande wa pili, haoni kitu. Alikaa hivyo saa nzima, akiomba kwa maneno yale yale aliyokuwa akiapia.

Pazia likasogezwa, Bi Mwaija akatoka, ushungi umekaa sawa.

"Ndio ugonjwa wenyewe," alisema. "Lakini nimewahi. Wiki ijayo wananikata, na wamesema nina matumaini makubwa."

Mikdad akasimama, akamnyooshea mkoba wake.

"Yale mafuta, Dokta," Bi Mwaija akaendelea huku akipokea mkoba, "nimebakiwa na chupa mbili. Nirudishie pesa yangu."

"Zile nilikupa bure, Bi Mwaija."

"Najua," alisema bibi yule, akanyoosha mkono. "Nirudishie."

Mikdad akaingiza mkono mfukoni, akatoa kilichokuwemo, akampa bila kukihesabu.